Kabati la Nyuma ya Mlango

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaoyasoma maneno haya gazetini baada ya kuyakosa redioni, juma hili sitawapeleka Bungeni wala sokoni. Naomba tuingie sebuleni, tuketi, tuutazame ukuta. Nataka tuulizane jambo ambalo wanahistoria wetu hawajalishughulikia sana: tangu filamu ilipoacha kuwa mali ya majumba ya sinema ikaingia majumbani mwetu, tumekuwa tukiiweka wapi?

Swali hili lilinijia kwa simu. Mjomba wangu anayeishi Nyanungu, kule wilayani Tarime, karibu na mpaka wa Kenya na jirani kabisa na Hifadhi ya Serengeti, alinipigia akiwa na wasiwasi. Baada ya kuitikia shikamoo yangu, hakuuliza habari za watoto wala za kazi. Alisema, "Mura, mchwa wamelifikia lile kabati. Njoo uchukue vitu vyako kabla sijavitupa."

Nikajua anasema kabati gani. Na nikajua pia kwamba hatavitupa.

Lakini tusikimbilie Nyanungu. Tuanze mbali kidogo, maana tatizo la mahali pa kuweka vitu ni la zamani kuliko filamu yenyewe. Nyumba zetu nyingi ni ndogo na vitu havikomi kuzaliana. Mwafrika Mashariki wa kawaida amekuwa na fanicha moja ya kuokoa nafasi isiyonunuliwa dukani wala kuchongwa na fundi, nayo ni uvungu wa kitanda. Humo hukaa masanduku, viatu vya sikukuu, mbegu za msimu ujao, vyeti vya shule, na hata kuku anayeatamia. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walichokisahau kutuambia ni kwamba kinachokaa mvunguni husahauliwa na mwenyewe, na kitu kikisahauliwa, siku yoyote kinaweza kutumika kwa kazi nyingine.

Watu wa pwani walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kasha, lile sanduku kubwa la mbao lililopigiliwa misumari ya shaba, ambalo mpaka leo watalii hulinunua Unguja. Kasha hubeba vitu vingi na juu yake unaweza kuketi. Ubaya wake ni mmoja: ukitaka kilicho chini kabisa, huna budi kutoa vyote vilivyo juu. Njia ya pili ni zidaka. Aliyepata kuingia katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa karne ya 18 ameviona vile vishubaka vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu, vimepambwa kwa chokaa iliyochongwa, na ndani yake huwekwa vyombo vya kauri kutoka China. Watu huvisifia kwa uzuri. Mimi huvisifia kwa akili. Vyumba vya nyumba zile ni vyembamba, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, nazo hazikuruhusu zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi. Katika chumba chembamba namna hiyo, kabati linalosimama sakafuni ni adui. Waliojenga wakaula ukuta badala ya sakafu. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, na kidaka kikichimbwa humo hakimpunguzii mwenye nyumba hata shubiri moja ya sakafu. Na zaidi ya hayo, kila kilichomo kinaonekana.

Naomba mlishike jambo hilo la kuonekana, tutalirudia.

Filamu yenyewe ilipokuja kwetu ilikuja ikiwa kubwa mno kwa nyumba ya mtu. Filamu ya sinema ya milimita 35, yenye kuchukua dakika 90, ni utepe wa karibu kilomita mbili na nusu, uliosokotwa katika magurudumu kadhaa na kutiwa ndani ya makopo ya bati. Ulikuwa mzigo wa kubebwa na mtu mwenye mabega. Filamu za milimita 16, ambazo zilikuwa nyembamba, ndizo zilizozunguka vijijini katika magari ya sinema, yale yaliyotundika shuka jeupe uwanjani tukakaa chini kutazama habari za usafi, za kilimo na za siasa, na tukibahatika, kichekesho kimoja. Gari likiondoka, filamu imeondoka. Hakuna aliyewaza kuiweka nyumbani, kama ambavyo hakuna anayewaza kuiweka nyumbani treni.

Kwa watu wa Nyanungu jambo hili lina kejeli yake. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek aliyoitengeneza pamoja na mwanawe Michael, iliyosema Serengeti haipaswi kufa. Michael alikufa kwa ajali ya ndege Januari ya mwaka huo huo, kazi ikiwa bado haijamalizika. Mwaka 1960 filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani. Dunia nzima ikaijua Serengeti kwa filamu, lakini majirani wa Serengeti wenyewe hawakuwa nayo. Katika kanda zote za mjomba wangu, ambaye kutoka kwake mpaka hifadhini si mwendo wa kutisha, haikuwamo hata moja ya Serengeti. Zilikuwamo mbili za simba wa huko India, katika hadithi za mapenzi.

Kilichobadilisha mambo ni mkanda wa video. Sony wa Japani walitoa Betamax mwaka 1975, JVC wakatoa VHS mwaka 1976, na baada ya ugomvi wa miaka kadhaa VHS ndiyo iliyoshinda. Ile kilomita mbili na nusu ya sinema ikawa utepe wa mita 258 kwa mkanda wa saa tatu, umefungwa katika boksi la plastiki lenye urefu wa sentimeta 19, upana wa 10 na nusu, na unene wa mbili na nusu. Kwa mara ya kwanza filamu ikawa na umbo la kitabu. Na kitu chenye umbo la kitabu hudai rafu.

Huku kwetu Bara video ilikuwa na historia ya pekee. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara, serikali ya awamu ya kwanza iliona televisheni ni anasa, na kituo cha kwanza cha televisheni hakikuanza kurusha matangazo mpaka mwaka 1994. Lakini masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje yalilegezwa mwaka 1984, na deki na televisheni zikaanza kuingia kwa wingi kuliko zamani. Fikirini hali hiyo: kwa miaka kumi watu walinunua televisheni katika nchi isiyokuwa na kituo cha televisheni! Walizinunua kwa ajili ya kanda tu. Mwenzetu wa Ulaya alikuwa na mkanda kama nyongeza ya matangazo. Kwetu sisi bila mkanda ile televisheni ilikuwa boksi la kuwekea kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Ndiyo maana kanda zilithaminiwa, zikaazimwa, zikagombewa, zikazalisha biashara ya kukodisha na mabanda ya kuonyeshea video kwa kiingilio. Na ndiyo maana mtu mwenye kanda 100 mtaani alijulikana kama anavyojulikana mwenye ng'ombe 100 kule Mara.

Mafundi wakalipokea tatizo. Pale Keko, Dar es Salaam, na katika karakana za Mwanza na Arusha, likazaliwa kabati la sebuleni la ukuta mzima, lenye vioo, ambalo wengi huliita shokesi. Katikati palikuwa na tundu kubwa la televisheni, chini yake nafasi ya deki, na pembeni milango ya kioo kwa sahani za wageni. Televisheni za wakati ule zilikuwa na kisogo kirefu, kwa hiyo kabati lilikuwa na kina cha nusu mita na zaidi. Lilimeza robo ya sebule. Na hapa ndipo fundi alipokosea, ingawa simlaumu, maana kila mtu alikosea naye. Rafu yenye kina cha nusu mita ikipewa vitu vyenye upana wa sentimeta kumi na nusu, itapangwa safu nne, moja nyuma ya nyingine. Safu ya mbele utaiona. Ya pili utaikumbuka. Ya tatu na ya nne zimekwenda mvunguni, ijapokuwa ziko ndani ya mninga wa Tabora na vioo.

Kosa hilo halikuwa letu peke yetu. Rafu maarufu kuliko zote duniani, ile ya kampuni ya IKEA ya Sweden iitwayo Billy, iliyotoka mwaka 1979, ina kina cha sentimeta 28. Kwa vitabu inafaa sana. Kwa kanda za video ni safu mbili, na ya nyuma haionekani.

Sasa twende Nyanungu.

Mjomba alifanya kazi Mwanza miaka mingi, akastaafu mwaka 1996, akarudi nyumbani na jenereta dogo, televisheni ya inchi 21, deki, na masanduku mawili ya bati yaliyojaa kanda. Hakuwa tajiri. Alikuwa mtu asiyekunywa, na fedha ambazo wenzake walizipeleka kilabuni yeye alizipeleka kwenye kanda. Alikuwa na za Kihindi, Sholay ikiwa imetazamwa mpaka rangi zimefifia. Alikuwa na za Bruce Lee. Alikuwa na mpira. Na alikuwa na kanda 19 ambazo hazikuwahi kuuzwa dukani: harusi, ubatizo, misiba, sherehe za vijana kutoka jandoni, zilizopigwa na wapiga picha aliowaleta kutoka mjini kwa nauli yake.

Nyumba aliyoijenga ilikuwa ya tofali za kuchoma na bati, vyumba vitatu, na watoto, wake wa watoto na wajukuu wakiingia na kutoka. Masanduku yakaenda mvunguni. Jumapili jioni, jenereta likiwashwa, kijana mmoja alitumwa kuinama na tochi mdomoni, naye alitoa mkanda wowote uliokuwa karibu na mkono wake. Kwa miaka miwili kijiji kilitazama kanda zile zile saba au nane.

Julai 1998 nilikuwa huko likizo, na mjomba akanipa kanda tano nirudi nazo Dar es Salaam, nizisafishe kwa fundi na nimnunulie na tupu mbili. Zile tupu sikuzinunua mapema. Siku ya fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Brazil, nilitaka kurekodi mchezo, nikatafuta mkanda. Niliuona mmoja usio na maandishi yoyote mgongoni. Nilijisemea kwamba kanda ni nyingi, nafasi hakuna, na huu hauna jina, bila shaka ni wa bure. Nikautia ndani ya deki. Zidane akafunga viwili kwa kichwa, Petit akamalizia cha tatu, nami nikafurahi sana.

Ulikuwa ni mkanda wa harusi ya dada yetu ya mwaka 1992. Ndani yake alikuwamo bibi, mama yake mjomba na mama yake mama yangu, akicheza, akiimba, akiwapa wageni maneno. Bibi alifariki mwaka 1997. Tulikuwa na picha zake mbili za mnato, zote amekunja uso kwa jua. Sura yake ikicheka ilikuwa katika mkanda ule tu.

Wengi mnajua kwamba mkanda wa VHS una kipande kidogo cha plastiki mgongoni, ukikivunja hauwezi kurekodiwa tena. Hakuna aliyekivunja. Hakuna aliyeandika jina. Nilipompelekea mjomba habari hiyo, nilikwenda mwenyewe, sikutuma barua. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mura, umemzika mara ya pili." Akainuka akaenda kuangalia ng'ombe.

Nilijifariji baadaye niliposoma kwamba hata wakubwa wamefanya hivyo. BBC ya Uingereza, yenye majengo na fedha, ilifuta vipindi vyake vingi vya miaka ya 1960 ili itumie kanda upya na kuokoa nafasi katika ghala. Lakini faraja hiyo haikufika mbali. BBC haikuwa na bibi mmoja.

Mwaka uliofuata mjomba alimwita fundi. Nilikuwapo, na kwa kuwa nilikuwa mwenye deni, nililipia mbao. Ningependa niwaeleze kazi ya fundi huyo kwa makini, kwa maana sijaona nyingine iliyonizidishia heshima kwa useremala.

Fundi hakuuliza mjomba anataka kabati la namna gani. Aliomba apewe mkanda mmoja. Akaupima urefu, upana na unene, akaupima tena ukiwa ndani ya boksi lake la karatasi. Kisha akazunguka nyumba nzima akitafuta mahali ambapo hakuna mtu anayepita wala kukaa. Uvungu aliukataa: vumbi, panya, na unyevu wa sakafu. Juu ya dari alikataa, kwa sababu ya joto la bati. Ukuta wa jikoni alikataa kwa moshi. Mwishowe alisimama nyuma ya mlango wa sebule, akaufungua mlango wote, akaingiza mkono kati ya mlango na ukuta. Akatabasamu.

Nyuma ya kila mlango, ndugu wasikilizaji, kuna kipande cha nyumba ambacho hatukitumii. Mlango ukifunguliwa hakiwezi kukaliwa, na ukifungwa hakitoshi kiti. Lakini kina upana wa mlango na kimo cha mlango, na mkanda wa video hauhitaji zaidi ya sentimeta 12 za kina.

Alichukua mbao za moja kwa sita, zile za kawaida kabisa, kwa hiyo hakupasua wala hakutupa kitu. Akazipiga randa zikabaki na upana wa sentimeta 14. Upande wa nyuma akaweka plaiwudi, upande wa mbele milango miwili myembamba iliyoingia ndani ya fremu, na katikati zikabaki zile sentimeta 12. Ndani alitia ngazi 9 za rafu. Kila rafu ilichukua kanda 26 zilizosimama wima, migongo ikitazama nje. Jumla nafasi 234. Mjomba alikuwa na kanda 212. "Hizo 22 ni za wageni," fundi alisema.

Kwa nini wima? Mkanda ukilazwa, utepe hulalia ukingo wake, na baada ya miaka ukingo hujikunja na picha hutetemeka. Ukisimama, uzito hubebwa na gurudumu la ndani. Kwa nini alitia vipande vidogo vya mbao nyuma ili kabati lisiuguse ukuta? Ili hewa ipite na kuvu isiote, maana kuvu ya mkanda ni unga mweupe unaohamia kwenye deki na kutoka kwenye deki huambukiza kanda nyingine kama kipindupindu. Kwa nini alipaka oili chafu ya gari mgongoni? Kwa ajili ya mchwa, kwa kuwa fedha zangu zilitosha mbao za paina, si mninga. Na alilikaza kabati ukutani kwa skrubu ndefu, kwa kuwa kanda 200 na ushee zina uzito kama wa mfuko wa saruji, na mbele yake watoto watapita. Spika ya redio, kwa sababu ya sumaku yake, aliihamishia ukuta wa mbali.

Lilipokamilika, mjomba na wajukuu walikaa siku mbili wakiandika majina migongoni, na kila mkanda wa sherehe ukavunjwa kile kipande chake. Na tukagundua jambo ambalo sidhani fundi alilipanga. Mchana, mlango ukiwa wazi kwa wageni, kabati halikuonekana kabisa, mtu angeapa kwamba nyumba ile haina kanda hata moja. Jioni mlango ulipofungwa ili giza liingie na picha ionekane vizuri, kabati lilitokea lote, majina yote 212 yakiwatazama watu. Hakuna aliyeinama tena. Watoto waliomba filamu kwa majina. Bibi mmoja wa jirani, asiyejua kusoma, alijifunza kuutambua mkanda wa harusi ya mwanawe kwa mahali ulipokaa, rafu ya nne, wa saba kutoka kushoto, akaja kuugusa hata siku zisizo na jenereta.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti kati ya kasha na zidaka. Kuokoa nafasi ni rahisi, hata moto huokoa nafasi. Kazi ni kuiokoa nafasi bila kukificha kitu machoni pa mwenyewe. Mkanda ule wa harusi niliufuta kwa sababu haukuwa na mgongo wa kuniambia jina lake.

Yaliyofuata mnayajua. Zikaja sidii za video, filamu moja sahani mbili, kisha DVD. Kasha la DVD lilipewa kimo cha sentimeta 19, sawasawa na mkanda wa video, rafu za zamani zikafaa kwa urefu. Lakini kwa kina lilikuwa na sentimeta 13 na nusu. Kabati la mjomba likakataa kufungwa. Alizivumilia mwezi mmoja, akang'oa milango yote miwili kwenye bawaba, akaifanya meza ya kuanikia mtama. Baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 na zile nyingi zilizofuata, wajukuu walijaza nafasi za wageni kwa filamu za Kitanzania, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, makasha mawili kwa hadithi moja. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, rafu yake haikupumzika kwa majuma kadhaa.

Kisha likaja wazo la mikoba ya zipu, ile yenye mifuko ya plastiki inayobeba sahani 100 na zaidi. Makasha yakatupwa, nafasi ikaokolewa. Majina yalikuwa juu ya makasha. Vumbi la barabara ya Nyamongo likaingia mifukoni, na vumbi lile lina changarawe, likazikwaruza sahani zote kwa usawa bila upendeleo. Tukaingia kwenye zile DVD za filamu 20 ndani ya sahani moja, ambazo hazikuwa na ruhusa ya mwenye kazi wala ubora, na kutoka hapo tukaingia kwenye flashi. Leo diski ya terabaiti moja hubeba filamu zaidi ya 1,000 na hutia mfukoni. Mjukuu mmoja wa Nyanungu alikuwa na flashi yenye sherehe za ukoo za miaka mitatu. Simu ya rafiki yake ikamwomba aisafishe kabla ya kutumika, akabonyeza kukubali. Haikuchukua sekunde kumi. Mimi angalau nilihitaji saa mbili.

Nilipofika Nyanungu baada ya simu ile ya mchwa, nililikuta kabati bado limesimama. Mchwa walikuwa wamekula plaiwudi upande wa chini na rafu ya tisa, lakini mbao zilizopakwa oili walizikwepa. Hiyo ni robo karne kwa mbao za paina. Kanda walikuwa hawajazigusa, ila udongo wao ulikuwa umeziba migongo ya 11. Tulizitoa zote, tukazipanga uani juu ya mkeka kivulini. Za Kihindi na za karate mjomba alisema zinaweza kungoja. Zile 19 nilizifunga katika khanga nikazipeleka Mwanza.

Kampuni ya mwisho duniani iliyotengeneza deki za video, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Kwa hiyo deki inayofanya kazi sasa ni kama punda wa mjini, ipo, lakini huna budi kuuliza. Nilimpata fundi mmoja aliye na mbili. Alinionya kwamba mkanda wa saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, hakuna njia ya mkato, na kwamba wenye kuvu atauweka mwisho ili usiziambukize nyingine. Nilikaa kwake siku nne. Kanda tano zilikuwa na kuvu, mbili kati yake hazikupona.

Mkanda wa kumi na nne ulikuwa ule wa fainali. Sikuwa nimeutazama tangu siku niliyougundua. Mjomba alikuwa ameuandika mgongoni kwa kalamu ya wino mzito: HARUSI 1992. Hakuandika mpira. Tuliuacha uende. Mchezo ukaisha, wakapewa kombe, wakazunguka uwanja, na niliposimama kunywa maji, picha ikakatika, ikaingia chenga, halafu ua wa Nyanungu. Mimi nilikuwa nimezima deki baada ya kombe, na mwaka ule wa 1998 sikuwa na moyo wa kungoja nione kilichobaki. Zilibaki dakika 14. Ni mwisho wa sherehe, wageni wanaaga. Bibi yupo kwa dakika tatu hivi, kwanza mgongo, kisha anageuka kumkemea mtoto aliyekaa juu ya kigoda chake, anashindwa kukemea, anacheka. Mtoto ni mimi? Hapana, nilikuwa mkubwa wakati ule. Ni yule yule kijana aliyekuja baadaye kuwa anatumwa mvunguni na tochi mdomoni.

Nilirudi Nyanungu na kanda zote 19, hata zile mbili zilizokufa, kwa sababu mjomba alisema zina majina. Rafu ya tisa ilikuwa imetolewa, na fundi kijana, mwana wa yule wa kwanza, alikuwa anachonga nyingine. Nikampa mjomba diski yenye nakala. Akaigeuza mkononi, akauliza mgongo wake ni upi. Tukaubandika karatasi upande mwembamba, akaandika mwenyewe.

Kisha akamwita fundi aje aipime. Sentimeta 11 na nusu kwa 8, unene moja na nusu.

"Inaingia," fundi akasema.